Daktari hajaniuliza

"Mama, kikohozi kina makohozi au kikavu?"

Kikavu, mwanangu.

"Usiku unatoka jasho?"

Hapana.

"Umepungua uzito?"

Nikajitazama kiunoni nikajibu kwa uso mkavu kwamba sijapungua, na mwalimu wao aliyekaa pembeni akainamia karatasi yake asionekane anacheka, maana mwenzenu mwili upo. Kijana hakucheka. Jasho lilikuwa linamtoka yeye, koti jeupe jipya bado lina mikunjo ya dukani, kalamu anaibonyeza tik tik tik, na macho hayako kwangu, yako ukutani anatafuta swali linalofuata. Akauliza homa, akauliza kifua kinauma au hakiumi, akauliza nyumbani kuna mtu ana TB, navuta sigara, napikia kuni au gesi. Kwa kweli aliuliza vizuri, nisimnyime haki yake. Akafika pale: "Unatumia dawa yoyote?"

"Za presha tu mwanangu, zile za kliniki."

"Sawa mama."

Akaandika. Kengele ikalia. Akanishukuru, akaniambia nitatoa makohozi yaende maabara, akasimama, akatoka, akaingia mwenzake na shikamoo yake na kalamu yake.

Na mie nikabaki na jibu mdomoni.

Kikohozi changu hakikuwa TB. Kilitokana na vidonge alivyonipa dada yangu, dada ambaye sina, vya kutibu presha, ambayo sina pia alhamdulillah, na karatasi niliyopewa niisome usiku wake ilikuwa imeandikwa wazi kabisa: usiseme mpaka uulizwe.

Mchezo wenyewe, wa kuigiza mgonjwa mbele ya wanafunzi wa afya, ulikwisha, soda tukanywa, watu wakaenda zao. Ila lile jibu halikuniacha, nimekaa nalo wiki kadhaa nalala nalo naamka nalo, ndo maana naandika.

Ilivyoanza

Wanaonijua wanajua nina steshenari Chumbageni, hapa Tanga, na ukiwa na mashine ya kopi huwezi kujizuia kusoma, asikudanganye mtu. Kuna mwalimu wa chuo kimoja cha afya hapa mjini, daktari, anakuja kutoa kopi za mazoezi ya wanafunzi wake wa klinikal ofisa. Siku moja napanga karatasi zake naona, "Mgonjwa ni mwanamke wa miaka 54, muuza mihogo ya kukaanga, Makorora." Nikamuuliza, daktari, huyu mama ana nini?

Akasema, "Huyu mama hayupo. Ndo tunamtafuta."

Mie nina 49, mihogo siuzi ila naila. Nikasema basi mmeshampata.

Malipo hakuna, nisiseme uongo. Ni nauli ya bajaji, soda na sambusa. Unakaa kwenye chumba, wanafunzi wanazunguka kituo hadi kituo, kila kituo dakika chache, kengele ikilia wanahama. Mtihani wenyewe wanauita OSCE, wanatamka oski, na sisi tulikuwa kwenye mazoezi ya kabla ya mtihani. Mgonjwa unakuwa yule yule, ugonjwa ule ule, sura tu za mbele yako zinabadilika, na inabidi kikohozi cha mwanafunzi wa mwisho kiwe sawa na cha wa kwanza la sivyo unawaonea. Hapo ndo pagumu. Ukichoka unaanza kusaidia, unampa mtu kidokezo kwa sababu anafanana na mtoto wa jirani yako.

Jambo moja nililiweka wazi mapema: kichwa, mikono, miguu, mgongo sawa, tumbo kwa wasichana tu na mwalimu mwanamke awepo ndani. Wakakubali bila neno. Mambo ya ndani zaidi ya hapo wana midoli.

Kumbe kitu kina umri kunizidi

Nilidhani ni ubunifu wa mwalimu wetu. Kwenda kusoma, nakuta mwaka 1963 kule Los Angeles daktari wa mishipa ya fahamu anaitwa Howard Barrows, Chuo Kikuu cha Southern California, alimchukua mwanamke ambaye kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya wachoraji wamchore, akamfundisha kuwa mgonjwa aliyepooza miguu. Mwanamke akaigiza, wanafunzi wakampima, halafu akaulizwa nani kafanya nini. Madaktari wengi wakaona ni upuuzi, maigizo ya Hollywood yameletwa kwenye udaktari. Mwaka uliofuata Barrows na mwenzake Stephen Abrahamson wakaandika makala kuhusu kazi hiyo, na taratibu ikaenea. Hii oski nayo ilitoka Dundee, Scotland, mwaka 1975, kwa Ronald Harden. Marekani walifika mahali pa kuwapima madaktari wote kwa wagonjwa wa kuigiza ndo wapate leseni, kuanzia 2004, korona ilipoingia 2020 wakausimamisha huo mtihani na 2021 wakasema haurudi.

Ila kisa kilichonishika ni cha kabla ya yote hayo, na Barrows mwenyewe ndo alikuwa akikisimulia. Alipokuwa bado daktari kijana New York, kulikuwa na mgonjwa wa kweli, mwenye ugonjwa wa kweli kwenye uti wa mgongo, ambaye alitumika kwenye mtihani wa madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu. Kuna kipimo wanakwaruza unyayo, kidole gumba kikiinuka juu badala ya kujikunja, wanajua kuna hitilafu kwenye ubongo au uti. Baada ya mtihani huyu bwana akamwambia Barrows kwamba daktari mmoja alimpima kwa ubabe na kwa kumuumiza, kwa hiyo alimkomoa. Dalili ya unyayo akaihamishia mguu mwingine. Na sehemu alizosema hazina hisia akazibadilisha.

Nilicheka peke yangu dukani mpaka mteja akaniuliza kulikoni.

Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nikawaza, huyu hakuwa mgonjwa wa kuigiza. Huyu alikuwa mgonjwa kweli. Na aliigiza.

Tumbo

Nitoke nje ya mada kidogo niwaambie kuhusu tumbo maana hii ndo sehemu niliyoipenda kuliko zote.

Siku ya tumbo nilikuwa na kidole tumbo. Karatasi inasema maumivu yameanza kwenye kitovu jana jioni, usiku yakahamia chini kulia, sijala, nimetapika. Unalala kitandani, mwanafunzi anakuja upande wako wa kulia, siku zote kulia, ndo desturi yao hata kama kitanda kimebanwa ukutani watakisogeza. Anatakiwa aanze kubonyeza mbali na panapouma, asikimbilie palepale. Na kuna kitu ambacho mie sikukijua maisha yangu yote: akibonyeza taratibu ukavumilia, kinachokurusha ni pale anapoachia ghafla. Mwalimu alinifundisha, mkono ukishuka kunja uso kidogo, mkono ukiachia ndo useme aai.

Basi akaja binti mmoja mdogo wa mwili, akafikicha viganja vyake kwanza vipate joto, akaniambia mama nitakugusa tumbo ukiona naumiza niambie nitaacha. Akaweka mkono. Na wakati mkono uko tumboni kwangu, macho yake yalikuwa usoni kwangu, hayatoki. Akashuka taratibu, akasubiri, akaachia. Nikaruka. Nasema kweli sikukumbuka karatasi, niliruka tu, na yeye akasema "pole mama, basi sirudii" akanifunika khanga yangu vizuri mpaka kifundoni.

Waliomtangulia walikuwa wanalitazama tumbo. Tumbo langu lina nini cha kutazama? Mwalimu alikuwa anawarudia kila mara, uso, uso, tumbo halisemi.

Haya turudi.

Sheria ya kutosema

Karatasi ya yule mama wa kikohozi ilikuwa na ngazi. Alikuwa anatumia amlodipine, dawa ya presha ya kliniki, ikamvimbisha miguu, na mtu anayekaa kwenye jiko la mihogo tangu alasiri hadi isha miguu ikivimba ni biashara imevimba. Akaacha. Dada yake akamgawia vidonge vyake yeye, captopril. Presha ikashuka, miguu ikapungua, mama akafurahi, baada ya wiki kadhaa kikohozi kikavu cha kuwasha koo kikaanza. Hiyo ni tabia inayojulikana ya dawa za kundi hilo, si kwa kila mtu, na inawapata wanawake zaidi. Ukiiacha, kikohozi nacho kinaondoka chenyewe ndani ya wiki chache. (Jamani, msiache dawa kwa kusoma hapa, mwulizeni aliyekuandikieni.)

Sasa ngazi zenyewe. Akiuliza unatumia dawa, jibu "za presha, za kliniki." Akiuliza zipi, au umekuja nazo, au ni zilezile tangu mwanzo, ndo unamwambia ya dada. Hajauliza, funga mdomo.

Na wengi hawakuuliza. Hapa kwetu kikohozi kikipita wiki mbili kila mtu kichwani ana TB, na sawa kabisa, ndivyo tulivyofundishwa mpaka mabango ya zahanati yanasema hivyo. Homa, jasho la usiku, uzito, wanakwenda mstari ulionyooka mpaka maabara. Nikawa nawaza makohozi yangu ya uongo yafungwe yasafirishwe mpaka Morogoro, yale mapanya makubwa ya shirika la APOPO pale chuo kikuu cha SUA yanayonusa TB yanuse yakose kitu yatazamane.

Mwisho wa siku nikamwambia mwalimu, hii sheria yako si ya haki. Mtoto kauliza dawa, nimemjibu nusu. Huo ni mtego.

Akaniambia, "Dada, yule mama hafichi. Yeye anajua amekuja kwa ajili ya kikohozi, presha yake iko sawa, sasa atataja vidonge vya presha kwa nini? Mgonjwa hana kazi ya kujua kipi ni muhimu. Hiyo ni kazi ya hawa."

Nikanyamaza. Jibu zuri. Lakini njiani kwenye bajaji nikaona halijatosha, kwa sababu kuna na wale wanaojua kabisa.

Pindo la khanga

Shangazi yangu anakaa Muheza, presha anayo miaka mingi, akija Tanga kliniki anafikia kwangu. Safari moja nikaenda naye. Foleni kama kawaida, mlango wa chumba cha daktari uko wazi kwa joto, benchi la wanaosubiri liko palepale mlangoni, linalosemwa ndani watu wa nje wanaitikia.

Daktari kijana tu, mpole. Akapima, akasoma, akakunja uso. "Bibi, presha bado iko juu. Dawa unameza vizuri?"

"Nameza, mwanangu."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Na si uongo. Anameza kila siku. Anameza nusu.

Mie nilikuwa najua kwa sababu jana yake usiku nilimwona. Kakaa kitandani, kafungua fundo kwenye pindo la khanga, si hela, vidonge, vimekatwa kwa wembe katikati, vingine vimevunjika vibaya vimekuwa unga, anavipanga kwenye kiganja anachagua kinachofanana na nusu. Dawa ya mwezi inakwenda miezi miwili. Nilipouliza akasema nusu inatosha akijisikia vizuri, na nyingine anamsaidia jirani yake ambaye hana nauli ya kuja huku.

Sasa fikiria daktari anaona nini. Anaona mgonjwa anayemeza dawa kila siku na presha haishuki. Akili inamwambia dawa moja haitoshi. Akashika kalamu aandike ya pili.

Nikasema, "Shangazi, si umwambie zile nusu."

Daktari akasimamisha kalamu. Benchi la nje likanyamaza. Shangazi akageuza shingo akanitazama, na wenye mashangazi wa Kibondei mnajua mtazamo ninaousema.

Daktari akauliza taratibu, shangazi akajibu kwa neno moja moja, dawa ya pili haikuandikwa, akashauriwa arudie kidonge kizima. Kidaktari mambo yalikwenda vizuri. Kwenye bajaji hakusema neno. Tumeshuka nyumbani, kavua viatu, ndo akaniuliza:

"Wewe ulikuja kunisindikiza au kunishtaki?"

Nikamwambia shangazi, si kwa faida yako, kwa nini hukumwambia mwenyewe?

"Daktari hajaniuliza."

Maneno ya kwenye karatasi yangu. Shangazi hajawahi kuiona karatasi ile wala hajui kama nafanya mambo hayo, na kayasema vilevile.

Swali lenye jibu ndani yake

Nilikasirika kwanza. Kaulizwa! Kaulizwa mara mbili mbele yangu.

Halafu nikalirudia lile swali kichwani. Dawa unameza vizuri? Sasa mtu atajibuje hapo, hapana nameza vibaya? Mbele ya benchi zima? Mtoto aliyekuamkia shikamoo anakuuliza kwa sauti ya kutaka ndio, heshima inakutaka umpe ndio yake. Tumelelewa hivyo. Ukimwuliza mgeni wa Tanga kashiba atasema kashiba.

Na hofu ya kugombezwa ipo, tusidanganyane. Kila mmoja wetu ana kisa cha nesi au daktari aliyemsema mtu mpaka machozi kwa sababu kachelewa, kwa sababu kapitia kwa mganga, kwa sababu kameza kitu cha mtu. Na mji wenyewe ndo huu, aliyekusema ndani kesho unakutana naye sokoni Mgandini anachagua nyanya.

La mganga ndo linanishangaza zaidi, maana mkoa huu huu una historia yake. Tangu miaka ya 1990 kulikuwa na Tanga AIDS Working Group, TAWG, waganga wa jadi na madaktari wa hospitali wakafanya kazi pamoja kwa wagonjwa wa Ukimwi, enzi dawa za kufubaza virusi mtu wa kawaida alikuwa hazioni. Mitishamba ilitumika waziwazi, mgonjwa haoni haya kusema kanywa nini kwa sababu daktari anajua na mganga anajua. Nchi nayo ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu 2002. Lakini ingia chumbani leo, swali utakalosikia mara nyingi ni "hujatumia dawa za kienyeji, eh?" Hilo "eh" ndo linafunga mlango. Mtu ana chupa ya mwarobaini kwenye mkoba anajibu hapana, sijatumia.

Kwa hiyo nikaanza kujiuliza, nani mgonjwa wa kuigiza hapa. Mie nikiwa na karatasi, ukiniuliza sawasawa nakwambia kweli yote mpaka chembe ya mwisho, ni sheria. Nikiwa naumwa kweli, uongo wangu nautunga mwenyewe palepale na hakuna mwalimu wa kuupima.

Nchi nyingine, India na hata hapo jirani Nairobi, watafiti wanatuma wagonjwa wa kuigiza kwenye zahanati kimyakimya waone watu wanatibiwaje. Ni kazi nzuri. Sijui tu nani angetumwa kuona sisi tunaotibiwa tunasemaje.

Aliyeweka kalamu chini

Zamu iliyofuata nikarudi kwa kikohozi kile kile, wanafunzi wengine. Nilitaka kumwambia mwalimu siendi tena, nikaona bora nione.

Akaingia kijana mrefu, mzito wa kuongea, lafudhi ya bara. Akaanza kama wote, kikavu au cha makohozi, homa, jasho. Tukafika kwenye dawa, nikampa jibu langu la ngazi ya kwanza, za presha tu mwanangu za kliniki.

Hakuandika. Aliweka kalamu chini.

Akakaa. Si kwamba kasahau, niliona anafikiri. Kimya kile kilikuwa kirefu mpaka mie mwenyewe nikaanza kukunja ncha ya khanga, nimeshajibu sasa huyu anataka nini, na nikahisi yale maneno yanapanda, ile ya dada inapanda yenyewe, wakati hajauliza chochote. Karatasi inasema usiseme. Nikajizuia kwa nguvu.

Ndo akasema, "Na zinakukubali, mama?"

Hilo swali halikuwepo. Wala kwenye ngazi zangu, wala kwenye cheklisti ya mwalimu niliyoitolea kopi mwenyewe. Zinakukubali. Nikamwaga kila kitu, miguu ilivyovimba, jiko, dada, vidonge, nikamwambia mpaka rangi ya vidonge ambayo karatasi haikusema. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ahsante kwa kuniambia," na kabla hajauliza kingine kengele ikalia. Hakufika kwenye TB. Hakuuliza uzito, hakuuliza nyumbani nani anaumwa, hakunieleza kinachofuata.

Alipata alama chache kuliko yule wa tik tik tik.

Hapo nilimbishia mwalimu kweli kweli, mbele ya sambusa. Huyu ndo kapata ugonjwa! Akaniambia kapata ugonjwa wa huyu mama. Angekuwa mama mwingine, mwenye TB kweli, yule wa kwanza angemkamata na huyu angemwacha aende nyumbani akaambukize watoto. Kisha akaniuliza, "Nje kuna watu wangapi kwenye benchi? Hospitali kengele yetu ni foleni, dada. Nikiwafundisha wote waweke kalamu chini, saa tisa jioni nusu ya watu hawajaonwa."

Sina jibu la hilo. Nimelitafuta, sina. Nikiwa kwenye benchi mie mwenyewe nataka aliyeko ndani atoke haraka.

Lakini nilimwambia na hili: kile kimya hakikuchukua muda kuliko maswali matatu ya uzito na jasho. Tena ongeza mstari kwenye cheklisti, "kauliza kama dawa zinamkubali", alama moja, moja tu, uone kama hawatauliza wote. Akasema wakiuliza wote kwa sababu ya alama si watauliza huku wanatazama ukuta? Nikasema waulize hivyo hivyo. Shangazi yangu angejibu hata aliyekuwa anatazama ukuta, mradi swali lina nafasi ya jibu lingine zaidi ya ndio.

Mstari umeongezwa. Nimetoa kopi mwenyewe.

Karatasi mpya

Sasa mwalimu kanipa kazi, nimsaidie kutunga mgonjwa mwingine. Nimemletea huyu: bibi wa presha, anameza nusu, kaja na ndugu. Ndugu anajua. Mwanafunzi anauliza dawa unameza vizuri, bibi anasema nameza, na ndugu anafungua mdomo.

Tunakobishana ni kinachofuata. Yeye anataka mwanafunzi apimwe kama atachukua ile taarifa na kubadilisha uamuzi, asiongeze dawa ya pili. Mie nataka apimwe kama baada ya ndugu kusema, anageuka kumwuliza bibi au anaendelea kuongea na ndugu. Yule daktari kijana wa siku ile, kumbukumbu yangu ikiniambia ukweli, alimgeukia shangazi. Alimwuliza yeye. Sikulipa uzito wakati ule, nilikuwa nimeshughulika na yale macho.

Shangazi bado anakuja kliniki, ila siku hizi anasindikizwa na yule jirani yake wa nusu vidonge, ambaye shangazi kamchangia nauli na yeye kaandikishwa anapata dawa zake mwenyewe. Kwangu anafikia kama kawaida, chai anakunywa, chumba cha daktari sikaribishwi. Juzi nikajipa moyo nikamsimulia yote, karatasi, kengele, wanafunzi, na huyu bibi mpya tunayemtunga. Alisikiliza anamenya chungwa, akauliza maswali mawili tu. Huyo bibi ataigizwa na nani, na je, wanalipa.

Nikamwambia hatujampata, na malipo ni nauli na sambusa, na kuna karatasi inabidi uikariri.

"Karatasi ya nini? Mie niambieni tu nikae wapi."

Mwalimu kakubali aje. Tunachotafuta sasa ni bajeti, maana nauli yao ni ya bajaji ya hapa mjini na shangazi kasema toka Muheza haji peke yake, jirani naye lazima awepo.